Kuifikia Kumbukumbu kwa Usalama: Umiliki, Kuazima na Dhamana katika Kiini cha Kompyuta

0. Utangulizi

Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia mfumo wa Windows zilisimama ghafula katika nchi nyingi za dunia. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali ziliahirisha matibabu, na benki zilishindwa kuwahudumia wateja. Hapakuwa na hujuma yoyote. Kampuni ya CrowdStrike, inayotengeneza programu za ulinzi, ilikuwa imewapelekea wateja wake faili ndogo yenye maelezo mapya. Maelezo hayo yalitaka thamani ya 21 ikaguliwe, hali programu iliyoyasoma ilikuwa imeandaliwa thamani 20 tu. Ilipoitafuta ile ya 21, ilivuka mpaka wa nafasi yake katika kumbukumbu. Na kwa kuwa ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, kompyuta nzima ilianguka pamoja nayo.

Kosa hilo ni la kuhesabu, nalo ni dogo. Kosa la namna hiyo likitokea katika programu ya kawaida, programu hiyo peke yake hufungwa na mtumiaji huifungua tena. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini katika kiini mambo huwa tofauti, na jinsi wataalamu wanavyosanifu violesura salama vya kuifikia kumbukumbu. Neno kiolesura linatumika hapa kwa maana ya sehemu ya programu inayoficha kazi ngumu nyuma yake na kuwaachia wengine mlango mmoja wa kupitia. Hoja kuu ni hii: kanuni ya usalama inayotegemea kukumbukwa na mwanadamu itasahauliwa siku moja, hivyo kazi ya msanifu ni kuiweka kanuni hiyo mahali ambapo haiwezekani kuipita bila kuitimiza.

1. Kiini na kumbukumbu

Kiini ni ile sehemu ya mfumo wa uendeshaji inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu na kuviongoza vifaa kama vile diski, kibodi na mitambo ya mtandao. Prosesa hufanya kazi katika hali mbili. Katika hali ya mtumiaji, kila programu hufungiwa katika eneo lake, na ikigusa anwani isiyo yake kiini huizuia. Katika hali ya kiini, karibu kila anwani iko wazi. Aliye juu ya wote hana wa kumzuia. Akikosea, hakuna aliyebaki wa kuokoa hali.

Viini vingi vinavyotumika leo viliandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa lugha hiyo mwaka 1973. Na Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mjini Helsinki mwaka 1991, alitumia C pia. Kiini hicho cha Linux ndicho kilichomo katika simu zote za Android, zikiwamo zile zinazotumiwa kila siku Lubumbashi, Bukavu na Kisangani. Kwa hiyo suala hili haliwahusu wenye maabara kubwa za ng'ambo peke yao.

Katika lugha ya C, njia ya kuifikia kumbukumbu ni kielekezi, yaani namba inayotaja anwani. Namba hiyo inafanana na namba ya kiwanja mjini: inakuonyesha pa kwenda, lakini haisemi kiwanja kina ukubwa gani, wala ni cha nani, wala kama nyumba iliyokuwapo jana ingali imesimama. Hayo yote yumo nayo mwanaprogramu kichwani mwake, au ameyaandika kando kama maelezo ambayo mashine haiyasomi.

2. Maswali manne ya kila anwani

Kabla ya kusoma au kuandika mahali popote katika kumbukumbu, kiini kinapaswa kuwa na jibu la maswali manne.

Swali la kwanza ni la mpaka: je, anwani hii imo ndani ya nafasi iliyotengwa? Tukio la Julai 2024 lilitokana na swali hili. La pili ni la wakati: je, nafasi hii ingali hai, au imekwisha kurudishwa na kupewa kazi nyingine? Anayeendelea kutumia anwani ya nafasi iliyorudishwa husoma au kuharibu mali ya mwingine bila kujua. La tatu ni la ushirika: je, kuna kazi nyingine inayoibadili data hiyohiyo wakati huu? Kompyuta za leo zina prosesa kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na mbili zikiandika mahali pamoja bila utaratibu, matokeo hayatabiriki. La nne ni la asili: je, anwani hii imetoka ndani ya kiini, au imeletwa na programu ya mtumiaji, ambayo huenda ina hila?

Uzito wa maswali haya si wa nadharia tu. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama ilizozirekebisha kila mwaka katika bidhaa zake zilihusu matumizi mabaya ya kumbukumbu. Mwaka 2020 watengenezaji wa kisakuzi cha Chrome walitoa kiasi kilekile kwa kasoro zao kubwa. Hao ni wanaprogramu hodari, wenye vifaa vya kupimia na wakaguzi wengi. Ikiwa miongo ya uangalifu imeacha hali hiyo, ni dhahiri kwamba kuhimizana kuwa waangalifu zaidi hakutoshi.

3. Mlango na mlinzi: mfano wa mwaka 2017

Swali la nne, yaani asili ya anwani, linafaa kuelezwa kwa mfano, kwa sababu historia yake katika Linux inajulikana vizuri.

Programu inapoomba huduma, mara nyingi hukipa kiini anwani na kukiambia kiandike jibu hapo. Kiini kinapaswa kuhakikisha kwanza kwamba anwani hiyo imo katika eneo la mtumiaji. Kisipohakikisha, mwenye hila anaweza kukipa anwani ya kiini chenyewe, nacho kikajiandikia juu ya data yake kwa mkono wake. Linux ina njia za kunakili zinazofanya ukaguzi huo zenyewe. Mwaka 2003 Torvalds alitengeneza pia programu ya ukaguzi iitwayo Sparse, ambayo husoma alama zilizowekwa kwenye vielekezi vya mtumiaji na kumwonya mwanaprogramu anayevichanganya na vile vya kiini. Na kuanzia mwaka 2014, prosesa za Intel zilipata kufuli linalokizuia kiini kisiguse eneo la mtumiaji ila pale kinapolifungua kwa makusudi.

Lakini kufungua na kufunga kufuli kila mara hupunguza kasi. Ndipo ikawekwa njia ya mkato: mwanaprogramu hufungua mara moja, huandika vitu kadhaa mfululizo, kisha hufunga. Katika njia hiyo ukaguzi wa anwani uliachwa kuwa hatua ya pekee, nayo ikawa juu ya mwanaprogramu kuitanguliza. Katika toleo la 4.13 la Septemba 2017, huduma iitwayo waitid, ambayo huiwezesha programu kungoja programu iliyoizaa imalize kazi, ilikuwa imehamishiwa kwenye njia ya mkato, na ile hatua ya ukaguzi ikasahauliwa. Mtumiaji wa kawaida akapata uwezo wa kukifanya kiini kiandike ndani ya kumbukumbu yake chenyewe. Kufuli la prosesa halikusaidia, kwani kazi yake ni kulinda eneo la mtumiaji dhidi ya kiini, wala si kukilinda kiini dhidi yake mwenyewe.

Kasoro hiyo ilizibwa Oktoba 2017 kwa kuongeza ukaguzi uliokosekana. Hata hivyo, somo kubwa zaidi lilipatikana Januari 2019, pale Torvalds alipobadili umbo la njia yenyewe: tendo la kufungua na tendo la kukagua yalifanywa kuwa kitu kimoja. Tangu hapo anayeomba kufunguliwa hukaguliwa papo hapo, na anwani ikiwa mbaya mlango haufunguki. Marekebisho ya kwanza yaliziba ufa mmoja. Ya pili yaliondoa sababu ya nyufa za namna hiyo. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya usanifu: jambo ambalo lazima litangulie lisiachwe kuwa ombi, bali liwe sehemu ya tendo lenyewe.

4. Kusoma mara moja

Anwani ikishathibitishwa, hatari haijaisha. Data iliyomo katika eneo la mtumiaji inaweza kubadilishwa na mwenyewe wakati wowote, hata katikati ya kazi ya kiini. Mathalani, programu huandika urefu wa ujumbe wake, kisha ujumbe wenyewe. Kiini husoma urefu, huona ni baiti 100, hukubali. Kisha wakati wa kunakili husoma urefu ule mara ya pili kutoka palepale. Katika muda huo mfupi kazi nyingine ya mtumiaji imekwisha kuandika 5,000. Kiini kilikagua namba moja na kutumia nyingine.

Tiba yake yafahamika: data inakiliwa mara moja hadi ndani ya kiini, kisha nakala hiyo ndiyo inayokaguliwa na kutumiwa. Tatizo ni kwamba lugha haimlazimishi mtu kufanya hivyo. Mwaka 2024 kiolesura kipya kiliongezwa katika Linux kwa lugha ya Rust kwa ajili ya kusoma eneo la mtumiaji. Msomaji anayetolewa na kiolesura hicho husonga mbele kwa kadiri ya baiti alizosoma, na usomaji unaofuata huanzia alipoishia. Mtu hawezi kurudi nyuma kwa bahati mbaya. Anayetaka kusoma mahali pamoja mara mbili hana budi kuomba hivyo waziwazi. Kosa limefanywa kuwa gumu, na njia iliyo sahihi imefanywa kuwa nyepesi.

5. Umiliki na kuazima

Rust ilianzishwa na Graydon Hoare mwaka 2006, ikakuzwa katika shirika la Mozilla, na toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015. Iliruhusiwa kuingia katika kiini cha Linux kwa toleo la 6.1, Desemba 2022. Umaarufu wake umetokana na jinsi inavyojibu maswali ya wakati na ya ushirika kwa dhana mbili: umiliki na kuazima.

Hapa Kiswahili kina msaada wa pekee. Wenye kukitumia hutofautisha kukopa na kuazima. Aliyekopa fedha hurudisha fedha nyingine zenye thamani ileile. Aliyeazima jembe hurudisha jembe lilelile. Katika Rust, kila data ina mmiliki mmoja, na mmiliki akimaliza kazi nafasi yake hurudishwa. Wengine huweza kuiazima. Wanaotaka kusoma tu wanaweza kuiazima wakiwa wengi. Anayetaka kuibadilisha huiazima peke yake, na kwa muda huo hakuna mwingine aishikaye. Tena hakuna anayeruhusiwa kukaa na kitu cha kuazima baada ya mmiliki wake kuondoka. Bila shaka dhana hii ni ya kuazima, maana kinachorudi ni kitu kilekile. Mfasiri atakayeiita kukopa atampotosha mwanafunzi tangu ukurasa wa kwanza.

Masharti haya hukaguliwa na kompaila, yaani programu inayoigeuza lugha ya kuandikia programu kuwa maagizo ya prosesa. Programu inayoyavunja haifiki hatua ya kutumiwa. Kwa kuwa ukaguzi umekwisha kufanyika mapema, hauigharimu kasi ya kompyuta wakati wa kazi.

Faida yake yaonekana vizuri katika makufuli yanayolinda data inayotumiwa na kazi nyingi. Katika C, kufuli na data hukaa bega kwa bega, na ni maelezo ya kando tu yanayosema kufuli lipi linalinda kitu gani. Katika violesura vya Rust, data huwekwa ndani ya kufuli. Anayefunga kufuli hupewa kibali, na kibali hicho ndicho njia ya kuifikia data. Kibali kikiisha, kufuli hujifungua lenyewe. Kusahau kufunga hakuwezekani, kwa sababu bila kibali hakuna njia.

Ama swali la mpaka, Rust haikubali kusoma nje ya nafasi kimyakimya. Lakini ifahamike kwamba njia ya kawaida ya lugha hiyo ni kuisimamisha programu pale mpaka unapovukwa, na katika kiini kusimama huko kunaweza kuwa ndiko kule kuanguka kwa kompyuta nzima. Data haitaharibika, ila ndege zitabaki viwanjani vilevile. Kwa hiyo katika kiini hupendelewa njia inayorudisha jibu la "hakuna", ambalo mwanaprogramu hana budi kulishughulikia kabla ya kuendelea. Lugha nzuri ni msingi tu. Usanifu wa kiolesura ndio nyumba.

6. Dhamana

Kiini hakiwezi kuandikwa chote kwa lugha salama. Vifaa husomwa katika anwani maalumu zilizopangwa na watengenezaji wake, na kompaila haina njia ya kujua kuna nini huko. Aidha, kiini kipya hakina budi kuzungumza na mamilioni ya mistari ya C iliyopo. Kwa ajili ya hayo Rust ina vipande vinavyotiwa alama kuwa si salama.

Alama hiyo hueleweka vibaya. Maana yake si kwamba kipande kile ni kibovu. Maana yake ni kwamba kompaila imefikia mwisho wa ujuzi wake, na mwanadamu amejitokeza kuweka dhamana. Na dhamana huandikwa. Kanuni za Rust katika Linux zinataka kila kazi isiyo salama itaje masharti yake, na kila kipande kinachoiita kieleze kwa maandishi jinsi masharti hayo yalivyotimizwa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo pia kwa ahadi za kumbukumbu.

Kazi ya msanifu ni kuvikusanya vipande hivyo vichache na kuvizungushia kiolesura ambacho kwa nje ni salama kabisa. Kipimo cha kiolesura kizima ni kikali: mtu anayekitumia kwa lugha salama pekee, hata akiwa mgeni, mzembe au mwenye haraka, asiweze kwa kosa lolote kuiharibu kumbukumbu. Akiweza, lawama ni ya kiolesura. Chukua mfano wa eneo la kifaa. Msanifu hutaja ukubwa wa eneo hilo mara moja. Anwani zinazojulikana mapema hupimwa na kompaila, na zile zinazojulikana baadaye hupimwa wakati wa kazi na kurudisha kosa zikizidi. Na kwa vile kifaa chaweza kuchomolewa kompyuta ikiwa inafanya kazi, ruhusa ya kulifikia eneo lake hutolewa kwa namna inayoweza kufutwa. Mwandishi wa programu ya kifaa hapewi namba tupu ya anwani hata mara moja.

7. Mipaka na gharama

Njia hii ina mipaka yake. Kwanza, dhamana inaweza kuwa ya uongo bila aliyeiweka kujua. Desemba 2025 ilitangazwa kasoro ya kwanza ya usalama kuandikishwa rasmi katika sehemu za Linux zilizoandikwa kwa Rust. Ilikuwa katika Binder, njia ambayo kwayo programu za Android huwasiliana. Kipande kisicho salama kilidai kwamba kitu kinachoondolewa katika orodha hakigusiki kutoka kwingine, kumbe kazi nyingine iliweza kuigusa orodha hiyo wakati uleule. Maandishi ya dhamana yalikuwapo, nayo yalikuwa na kosa. Hata hivyo mahali pa kutafuta palijulikana: ni katika vipande vilivyotiwa alama, ambavyo ni vichache, na si katika kila mstari wa kiini.

Pili, kuweka lugha mbili katika kiini kimoja ni mzigo kwa wanaokitunza. Kila badiliko katika upande wa C laweza kukivunja kiolesura kilichojengwa juu yake, na baadhi ya watunzaji wa muda mrefu wamepinga jambo hilo waziwazi. Upinzani wao una haki ya kusikilizwa, kwani kiolesura kisicho na mtunzaji huoza kama daraja lisilokarabatiwa.

Tatu, hakuna awezaye kuandika upya kila kitu. Lakini matokeo ya Android yanatia moyo. Mwaka 2019 kasoro za kumbukumbu zilikuwa asilimia 76 ya kasoro zake za usalama. Mwaka 2024 zilikuwa asilimia 24, kwa mujibu wa kampuni ya Google. Upungufu huo ulipatikana bila kuitupa programu ya zamani: kilichofanyika hasa ni kuandika sehemu kubwa ya programu mpya kwa lugha zilizo salama, na kuiacha ile ya zamani iendelee kurekebishwa polepole.

8. Hitimisho

Imeelezwa kwamba kila anwani ina maswali manne: mpaka, wakati, ushirika na asili. Katika C majibu yake hukaa katika kichwa cha mwanaprogramu. Usanifu wa violesura salama ni kazi ya kuyatoa majibu hayo kichwani na kuyaweka katika umbo la programu: ukaguzi uunganishwe na tendo, data ya mgeni isomwe mara moja, kilichoazimwa kisimzidi mmiliki, kufuli liizunguke data yake, na pale ambapo mashine haijui, dhamana iandikwe na ibanwe mahali padogo.

Kwa upande wa Kiswahili, mada hii inaonyesha kwamba dhana za kiini cha kompyuta haziko mbali na maisha ya wasemaji wake. Umiliki, kuazima na dhamana ni maneno ya sokoni na ya nyumbani, na kila moja lina masharti ambayo mwanafunzi anayajua kabla hajaigusa kompyuta. Mwalimu wa taaluma hii atakayeanzia kwenye masharti hayo atakuwa amekwisha kufundisha nusu ya somo.